Sumalak Haina Sukari

Ukitaka kumuudhi mtu wa Tashkent, mwambie mama yake aondoke nyumbani bila kula. Ataitikia kwa adabu, ataweka mkono kifuani, na akifika kwake atamtandikia mama mkate wa moto na chai, kwa sababu daktari ni daktari lakini mama ni mama. Muhayyo aliyajua haya kuliko mtu yeyote pale hospitali ya saratani. Miaka mingi alikuwa akitengeneza, kwenye maabara yake ya chini ya ardhi, ile sukari yenye mionzi wanayodungwa wagonjwa kabla ya kupigwa picha. Saratani nyingi zina uroho wa sukari. Ukizipa zinakula, na zikishakula zinang'aa kwenye picha, zimejiumbua zenyewe. Lakini mgonjwa akiwa ameshiba, mwili wote unakuwa umeshughulika na sukari, misuli inainywa, moyo unainywa, na saratani inakaa kimya katikati ya mwanga huo kama mwizi aliyeingia harusini.

Basi kila asubuhi wauguzi waliuliza swali lilelile, na kila asubuhi wagonjwa walijibu uongo uleule. Huyu alikunywa chai tu. Yule alitafuna zabibu kavu, za kutuliza moyo. Muhayyo hakuwachukia. Angekuwa yeye ndiye anayelazwa chini ya mashine ile, mama yake angemfichia mkate kwenye mkoba.

Ndiyo maana alikuwa na dawa nyingine, mtoto wake wa pekee kama walivyomtania wenzake, kwa kuwa mtoto wa kuzaa hakujaliwa. Dawa hiyo haikuwa na habari na sukari. Saratani ikikua hujijengea ua wa nyama ngumu kuizunguka, na dawa ya Muhayyo iliundwa iwang'ang'anie mafundi wa ua huo, zile chembe zinazojenga. Wazo halikuwa lake, watu wengi duniani walikuwa wakilifukuzia. Lakini kuna kulijua wazo na kuna kulipika likaiva, na watu waliokuja kuiona dawa hiyo ikiwa safi ndani ya kichupa, wakasema mbona kama maji tu, hawakujua walichokuwa wakikitazama. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka wa kwanza dawa yote ilikimbilia ini na kukaa huko. Uliofuata ilipotelea kwenye mkojo kabla haijafika popote. Halafu ikaja miezi ya kulia, ambapo mionzi ilikataa kabisa kushikana na dawa, hadi Muhayyo akagundua kwamba sindano za chuma zilikuwa zikiacha chembe za chuma humo ndani, na chuma kikitangulia kushika, mionzi haipati nafasi. Alizitupa sindano zote za chuma, akaagiza za plastiki, akaenda nyumbani akalala siku nzima.

Mionzi yenyewe, itokayo kwenye madini yaitwayo galiamu, aliipata kwa ng'ombe. Ndivyo watu wa kazi hiyo wanavyoliita lile pipa dogo lililovikwa risasi, chuma kizito cha kuzuia mionzi, lenye madini yanayozaa galiamu usiku na mchana bila kuombwa. Unapitisha tindikali humo, unakama, na baada ya saa chache kiwele kimejaa tena. Ng'ombe wa Muhayyo alikuwa mzee. Maziwa yake yalitosha mgonjwa mmoja tu kwa mkamo, na hayo yenyewe yalikuwa yanakwisha nguvu huku unayatazama.

Ruhusa ya kuijaribu dawa kwa wagonjwa wachache ilikuwa imeshatoka. Wa kwanza alitoa picha nzuri ajabu. Wa pili alitoa ukungu. Mahkam, mkuu wa picha, mzee aliyemfundisha Muhayyo kazi na ambaye hospitali nzima ilimwita domla, yaani mwalimu, alizitazama picha zote mbili akasema dawa bado changa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki ndio wagumu kuliko wote.

Mgonjwa wa tatu hakupangwa. Alikuja mwenyewe, siku moja kabla ya Navruz, sikukuu ya mwaka mpya.

Jina lake Oyniso, mama mnene wa mtaa wa zamani, mwenye saratani ya tumbo la chakula. Daktari wa upasuaji, Botir, alikuwa tayari kumpasua mara tu baada ya sikukuu, ila kwanza alitaka kujua kama ugonjwa umetoka tumboni ukaenda kwingine. Akadungwa sukari asubuhi, akapigwa picha, na picha ilipotokea kwenye kioo watu walisogea karibu. Mabega na mikono vilikuwa vinawaka. Moyo ulikuwa unawaka. Tumbo, ambalo ndilo lililoleta watu wote pale, lilikuwa kijivu tu, na kwenye bega la kulia palikuwa na doa kali ambalo hakuna aliyeweza kuapa kama ni la msuli au la mfupa.

Domla akauliza, bila kugeuka, kama sukari ya leo ilikuwa nzuri. Muhayyo akajibu kwamba ameipima mwenyewe, na swali hilo lilimchoma kuliko alivyotaka kuonyesha.

Botir hakuwa na muda wa kununiana. "Mimi nieleweni," alisema. "Kama imefika begani, simpasui, nitamtesa bure mama wa watu. Kama haijafika, nampasua keshokutwa, amepona. Sasa niambieni ni lipi."

Kurudia picha ilikuwa lazima, na foleni ya mashine ilikuwa imejaa mwezi mzima mbele, na saratani ya aina ile haisubiri mwezi. Domla alisema taratibu kwamba kwa picha hii ingekuwa dhambi kumpeleka mtu kisuni. Maana yake ilikuwa wazi. Oyniso angerudishwa nyumbani, na nyumbani ndiko angefia.

Muhayyo akashuka kwenda chumba cha mapumziko. Si kwamba alikuwa na mpango wowote. Alitaka tu kumwona mtu ambaye sukari yake ilikuwa imemsaliti. Alimkuta ameketi kitandani, mkwewe Nasiba, mke wa mwanawe, anamfunga kitambaa cha kichwani upya, na kitambaa kile kilinuka moshi wa kuni. Kwenye kiganja cha kulia palikuwa na lengelenge bichi.

Harufu ile, ya usiku wa kupika uji wa Navruz, Muhayyo alikuwa anaijua tangu utotoni. Akavuta kiti.

"Opa," alisema, kwa kuwa ndivyo dada mkubwa anavyoitwa, "mtaani kwenu mmeshapika sumalak?"

Uso wa Oyniso ukachanua. "Tumepika. Usiku kucha. Na mwaka huu imetoka, mwanangu, nyekundu hivi, haina hata chembe ya kuungua."

"Nani alishika mwiko?"

Oyniso akamtazama Nasiba. Nasiba akatazama dari.

"Nilishika kidogo tu," alisema Oyniso.

"Kidogo mpaka kukapambazuka," alisema Nasiba, kisha akajiuma ulimi.

Muhayyo akavuta pumzi. Sufuria ya mtaa mzima, mwiko mrefu kama jembe, uji mzito ambao ukiuacha kidogo tu unaungua chini. Mabega yangeachaje kuwaka? Yalikuwa yamefanya kazi ya punda usiku kucha, na asubuhi yakaletewa sukari, yakainywa.

"Na kuonja, opa? Ulionja?"

"Kuonja si kula," alisema Oyniso, sasa kwa ukali kidogo, kama fundi aliyeulizwa swali la kipuuzi. "Chungu kitatokaje bila kuonjwa? Na hawa wasichana wenu waliniambia nisiguse sukari, sikugusa. Sumalak haina sukari. Muulize yeyote. Ngano iliyochipua, unga, mafuta, maji. Hiyo sukari tungeitia wapi?"

Alikuwa anasema kweli yake yote. Ngano ikichipua hujitengenezea utamu wake wenyewe, na sumalak ni tamu kuliko asali bila mtu kutia hata kijiko. Muhayyo, mkemia mwenye shahada zake, aliwahi kulamba sufuria ile mpaka masikioni akiwa mtoto, na hajawahi hata mara moja kumwambia muuguzi yeyote aulize kuhusu sumalak. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Lakini opa, walikuambia upumzike."

Oyniso akalainika. Alizungusha kidole kwenye lengelenge lake. "Hakuna daktari aliyeniambia kama mwakani nitakuwepo," alisema. "Nikaona basi, mwaka huu nisiwe mgeni kwenye sufuria yangu."

Muhayyo alipanda ngazi mbilimbili. Domla alipolisikia neno sumalak aliweka miwani mezani akafunika uso kwa mikono, na mabega yakawa yanatikisika. Yeye mwenyewe alikuwa ameila asubuhi ile. Lakini kicheko kilipokwisha tatizo lilikuwa palepale. Picha haikusoma tumbo, na bega likawa bado ni la kubahatisha. Msuli uliochoka? Huenda. Nani atampasua mtu kwa huenda?

Muhayyo akasema nipe kesho. Kesho ilikuwa Navruz, mashine haina mtu, sukari ya leo itakuwa imekwisha nguvu mwilini, na dawa yake, tofauti na sukari ambayo mabega yaliyochoka yangeinywa tena, haijali mtu amekula nini wala amekoroga nini.

"Kesho nina wageni," alisema domla.

"Waje hapa."

"Muhayyo, picha yako ya pili ilikuwa ukungu. Nikimwambia Botir apasue kwa ajili ya dawa yako, na dawa yako ikawa imekosea?"

"Na ukimrudisha nyumbani kwa ajili ya sumalak?"

Domla alimpigia simu mkewe kumwambia wageni waanze kula bila yeye, na kutoka upande wa pili ikasikika sauti iliyoendelea muda mrefu.

Asubuhi ya sikukuu hospitali ilikuwa tupu, na kutoka mitaani zilikuja ngoma na harufu ya wali wa karoti na nyama. Muhayyo alikama ng'ombe wake, akachanganya, akapasha moto, kisha akafanya kile anachokifanya kila mara kabla ya kitu chochote kutoka mikononi mwake. Alidondosha tone kwenye ukanda wa karatasi, akalingoja lipande, akaupitisha ukanda chini ya kipimo. Mionzi iliyoshikana na dawa hukaa mahali pake. Ile iliyokataa kushikana hujitenga, na hiyo ikiingia mwilini huzurura kwenye damu na kuipaka picha uongo. Leo iliyokataa ilikuwa kidogo. Kidogo sana. Ila ilikuwa imezidi kile kiwango alichojiwekea mwenyewe, ambacho ni kikali kuliko anachodaiwa na mtu yeyote.

Simu ya juu ikalia, domla anauliza dawa iko wapi. Muuguzi aliyekuwa amesimama mlangoni na sindano yake alichungulia kipimo akasema hiyo mbona ni nzuri tu, wengi wangeitoa hivyohivyo. Ilikuwa kweli, wengi wangeitoa. Muhayyo alikitazama kichupa kile, kazi ya asubuhi nzima na maziwa yote ya ng'ombe mzee, akakumbuka ukungu wa mgonjwa wa pili. Ndiyo, siku ile nayo ilikuwa kidogo tu. Akakiweka kwenye ndoo ya taka, ndani ya risasi, akafunika.

Kisha akaenda kumwambia Oyniso mwenyewe, hakumtuma mtu. Alimwambia amemwaga, na kwamba wangoje kiwele kijae tena mpaka mchana. Nasiba aliguna. Domla, aliyekuwa ameshuka kuja kuona kinachoendelea, aliitazama saa yake. Oyniso peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kwa kukubali.

"Mimi nami niliwahi kumwaga sufuria nzima," alisema. "Ngano ya mtaa mzima. Iliungua kidogo kule chini. Mtaa ulininunia mpaka kiangazi."

"Walionja wakajua?" aliuliza domla.

"Wangejulia wapi? Hakuna ambaye angejua."

"Sasa ukaimwagia nini?"

"Si mimi nilijua?"

Domla alimtazama mama yule, kisha akamtazama Muhayyo, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ukapoteza ule ukavu. Wali ukaletwa kutoka kwake, sinia limefunikwa kitambaa, maana mkewe hasira zake hazikuwahi kumnyima mtu chakula. Wakala wote. Domla alipoona Oyniso naye anapakuliwa aliruka, mgonjwa anakula wali mbele ya mashine yangu, na Muhayyo akamwambia aketi, dawa hii haina habari na wali. Mzee akaketi, lakini aliutazama mkono wa Oyniso ukienda mdomoni kama mtu anayetazama moto karibu na pazia.

Mchana ng'ombe akakamwa tena. Mikono ya Muhayyo haikuwa na haraka, na yeyote aliyewahi kumwona akifanya kazi nyuma ya ukuta ule wa risasi, anachungulia kwenye kioo kinene, anasogeza kila kitu kwa kipimo chake na kwa zamu yake wakati dawa inazeeka mbele ya macho yake, angesema mwanamke huyu amezaliwa kwa kazi hii. Si kweli. Amejifundisha, kwa kumwaga. Akadondosha tone lake, akalingoja. Safari hii ukanda ulitoka safi, kila kitu mahali pake. Hakushangilia. Alimkabidhi muuguzi kichupa akasema nenda.

Dawa ilipokwisha kukaa mwilini kiasi cha kutosha, Oyniso akaingizwa kwenye mashine na picha ikaanza kujichora. Botir alikuwa ameitwa kutoka kwa wakwe zake, na kofia yake ya sherehe alikuwa bado nayo kichwani. Muhayyo alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Kwanza lilitokea tumbo, na pembeni yake uvimbe unang'aa, na kingo zake zinaonekana kama zimekatwa kwa mkasi. Halafu ini, kimya. Mapafu, kimya. Kisha bega la kulia, lile la jana, na bega lilikuwa giza tupu, bega la mama aliyepika.

Botir akashusha pumzi. "Basi nampasua."

"Ngoja," alisema domla. Alikuwa amesogeza kiti mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Kidole chake kilisimama kushoto, juu, karibu na wengu, kwenye kitu kidogo kama punje ya mtama, lakini chenye mwanga wake mwenyewe. "Hapa ungefika?"

Botir alitazama muda mrefu. Akasema kweli, ambayo kwa mpasuaji si jambo rahisi. Asingefika. Angekata tumbo, angesafisha jirani yake, angeshona, na ile punje angeiacha.

"Fika," alisema domla.

Alifika. Siku moja baada ya sikukuu aliliondoa tumbo karibu lote, akaingiza mkono pale alipoonyeshwa, akatoa tezi moja ndogo ambayo kwa macho haikuwa na dosari yoyote. Walioikata maabara wakaikuta imejaa saratani. Ingeachwa, ingelala mle kwa ukimya, na Oyniso asingefikisha mwaka. Domla alishuka ngazi mwenyewe kuleta habari hizo chini, jambo ambalo halijapata kutokea, akasimama kati ya mabomba na kuta za risasi akiwa hajui mikono aiweke wapi.

"Nilisema dawa yako changa," alisema. "Hiyo imekomaa, Muhayyo. Aliyekuwa mchanga ni mimi."

Mwaka ukazunguka. Siku za Navruz zilipokaribia, Muhayyo alimpigia simu Oyniso kumkumbusha picha yake ya uchunguzi, na alipoulizwa masharti ni yapi alijibu kwamba hakuna. Ale, aonje, akoroge kama mwili unaruhusu.

Alikuja amekonda, kanzu zake zote zimempwaya, anakula sasa kwa vijiko vichache, mara nyingi, kama ndege. Mwiko alikuwa amemwachia Nasiba, alisema, lakini kuonja hajamwachia mtu. Mkononi alibeba bakuli lililofungwa kitambaa. Akalazwa, akadungwa, akapigwa picha, na domla akaikagua kuanzia utosini hadi nyayoni, akarudia, akarudia tena pale karibu na wengu.

"Sioni kitu," alisema, akavua miwani kuifuta.

Bakuli likafunguliwa. Kijiko cha kwanza cha Muhayyo kikagonga kijiwe, mojawapo ya vile vinavyotiwa sufuriani ili sumalak isishike chini, na anayekikuta kwenye bakuli lake hunuia jambo likawa. Kabla hajanuia kijiko kikagonga cha pili. Halafu cha tatu.

"Opa, hivi vimekuja vyenyewe?"

"Nimevitia mimi."

"Hairuhusiwi. Huko ni kuiba bahati."

"Nani atanishtaki? Sufuria ni yangu," alisema Oyniso. "Kimoja chako, kimoja cha domla. Na hicho kidogo ni cha huyo ng'ombe wenu mzee."

Muhayyo alivisafisha vijiwe vitatu akavitia mfuko wa koti, akatoka. Kwenye benchi la korido mgonjwa aliyefuata kudungwa dawa hiyo ya Muhayyo, mzee mmoja wa shamba mwenye ndevu nyeupe, alikuwa na kipande cha mkate mkononi. Alipoliona koti jeupe akakificha haraka ndani ya kanzu, shavu moja bado limejaa, akaanza kuapa kwamba tangu jana hajagusa kitu. Muhayyo akaketi kando yake.

"Utoe tu, baba," alimwambia. "Malizia. Tutakungoja."